Maneno Kumi na Mawili ya Kufunga Ripoti

Maelezo yenyewe yalikuwa maneno kumi na mawili. Niliyaandika mimi, nikayasoma kwa sauti mara mbili kama nilivyozoea redioni, nikaridhika: "Tumia zana hii kufunga ripoti pale mtoa taarifa anaposema hali ni nzuri." Hadi leo nikiyaona natamani kumpata aliyeyaandika nimuulize alisomea wapi. Kisha nakumbuka.

Ofisi yetu ilikuwa Garissa, vyumba viwili juu ya duka la jumla la mchele na sukari, karibu na soko la mifugo. Tulishughulikia visima virefu vya vijijini, kuanzia Sangailu hadi Rhamu. Kisima kikiharibika, katibu wa kamati yake alitutumia ujumbe kwa simu, nao haukusomwa na mtu. Ulisomwa na wakala, yaani programu ya akili unde ambayo husoma, huamua na kutenda yenyewe. Kila ujumbe ulioingia uligeuka ripoti, na kazi ya wakala ilikuwa kuchagua afanye nini nayo. Alikuwa na zana zake: ya kutafuta historia ya kisima, ya kumtuma fundi, ya kufunga ripoti, na nyingine kadhaa.

Zana hizo ziliundwa na mwanaprogramu mmoja aliyekuwa Nairobi, dada mwerevu na mwenye haraka. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba wakala haoni ndani ya zana. Anaona jina lake na maelezo yaliyoandikwa chini ya jina hilo, basi. Maelezo yakiwa mabovu hataenda kuuliza jirani. Atakosea kwa adabu, kwa kasi, na mara nyingi kadiri utakavyomruhusu.

Mimi niliajiriwa kuandika maelezo hayo. Nilikuwa nimetangaza habari na bei za mifugo redioni kwa miaka tisa, na nilidhani kazi ni ileile: nani, nini, wapi, lini. Nilinunua daftari, nikagawa kurasa, kila zana na ukurasa wake, nikaanza kumpigia simu mwanaprogramu.

"Hii zana ya pata_kitu inafanya nini?" nilimuuliza.

"Inapata kitu."

"Kitu gani?"

"Inategemea umeitisha nini, bro."

"Na ukiitisha kitu ambacho hakipo?"

"Inarudisha tupu."

"Sasa wakala atajuaje kama tupu maana yake hakuna kisima cha jina hilo, au kisima kipo ila hakina shida?"

Nilisikia akibofya kitu. "Hapo umenishika," akasema, na akaahidi kuniandikia. Sikuletewa kitu.

Wiki tatu zilikwenda hivyo. Kulikuwa na zana mbili zenye majina tofauti zikifanya kazi moja, kwa sababu ya kwanza ilisahauliwa kufutwa. Kulikuwa na nyingine iliyotaka "namba" bila kusema ni namba ya kisima, ya ripoti au ya simu. Nilipouliza niliambiwa kila mtu anajua. Kila mtu alikuwa yeye. Mkurugenzi wetu, mtu mpole aliyependa mambo yote yaenee kwenye karatasi moja, alipita mezani kwangu kila jioni na kuangalia daftari linavyonenepa.

"Fupisha, bwana. Mashine ina akili."

"Akili inayo, mzee. Habari ndiyo haina."

"Basi ipe habari fupi."

Swali moja kati ya yale niliyouliza nilipaswa kulikazania, na sikulikazania. Nilitaka kujua: ripoti ikishafungwa, kisha mtu yuleyule akatuma ujumbe mwingine siku hiyohiyo, ujumbe huo unakwenda wapi?

"Unahifadhiwa chini ya ileile ripoti," mwanaprogramu alisema.

"Nani anausoma?"

"Uko pale. Umehifadhiwa."

Nikaandika "huhifadhiwa" nikafungua ukurasa unaofuata. Mhariri wangu wa zamani angenirudishia karatasi ile usoni. Lakini ilikuwa saa nane ya mchana, feni imesimama kwa sababu ya umeme, na mkurugenzi alikuwa ameshasema fupi.

Mfumo ulianza kufanya kazi. Mwezi wa kwanza ulipita na kila mtu akasifiwa.

Siku ya Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri, wenzangu walikuwa wanashuka ngazi kwenda msikitini wakati simu ya ofisi ilipolia. Niliipokea nikiwa nimesimama, kiatu kimoja mguuni.

"Asalaam aleikum." Ilikuwa sauti ya mama wa makamo, ikitoka mahali penye upepo.

"Wa aleikum salaam, eedo," nilijibu. Eedo ni shangazi, na kwetu humwita hivyo mama yeyote wa rika hilo. Naye huniita eedo vilevile. Neno moja linakwenda na kurudi. Tulizungumza Kisomali.

"Ni amani, eedo?"

"Ni amani. Kwenu?"

"Amani. Watoto wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Wa kwako?"

"Wazima wote. Mto umejaa huko kwenu?"

"Kiasi. Mvua huko?"

"Mungu yuko. Ngoja, eedo. Sauti hii si ile ya redio? Ya kusoma bei ya mbuzi?"

"Ndiyo mimi."

"Kumbe! Ulinyamaza ghafla. Sisi tulishakuombea dua ya marehemu."

"Niko hai, eedo. Dua haikupotea, nitaihitaji siku moja. Haya, nipe habari."

Hapo tu, baada ya kuombwa, ndipo alipotoa habari. Alikuwa katibu wa kamati ya kisima kimoja upande wa Tarbaj. Kisima hakikuwa kimetoa maji tangu Jumatatu. Genereta ilinguruma vizuri, bomba likawa kavu. Ngamia walikuwa wamepelekwa kisima kingine, mwendo wa siku moja na nusu, na mbuzi walikuwa wanafuata kwa kuburutwa. Alikuwa ametuandikia mara tatu.

"Zamani tukimtuma mtu kwa lori hadi Wajir," alisema. "Anamshika fundi mkono, anarudi naye. Mimi ndiye niliyeiambia kamati tuachane na lori. Nilisema simu hii inatosha. Sasa mwenyekiti anasema nimelala juu ya simu, na Jumatatu wanakutana waninyang'anye, wampe mwenye duka wa hapa kwetu. Nisikilize vizuri, eedo. Maji nitayapata, kama si kwenu kwa Mungu. Lakini nikitoka kwenye kamati hii nikiitwa mwongo, hakuna mwanamke mwingine atakayeingia nikiwa hai."

Nilivua kile kiatu kimoja nikaketi kwenye kompyuta. Ripoti zake zilikuwa tatu kweli: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi. Zote zimefungwa. Sababu ya kufunga: mtoa taarifa anasema hali ni nzuri.

Niliifungua ya Jumatatu. Wakati ule mfumo ulikuwa unaelewa Kiswahili tu, kwa hiyo aliandika Kiswahili chetu cha sokoni: "Asalam aleikum ofisi. Hapa ni amani. Watu iko salama, mifugo iko salama, alhamdulilahi. Nyinyi je." Dakika ileile wakala alimjibu kwamba amefurahi kusikia hali ni nzuri, akamshukuru, akafunga. Dakika kumi na moja baadaye mama aliandika: "Sasa habari ni hii. Kisima haitoi maji. Genereta inawaka, maji hakuna. Tuma fundi." Ujumbe huo ulikuwa pale chini ya ripoti iliyofungwa. Umehifadhiwa.

Jumatano vilevile. Alhamisi vilevile, isipokuwa ujumbe wa pili uliongezewa "tafadhali sana".

Nataka nieleweke. Hakuna mtu wa kwetu anayeanza na shida. Ukiulizwa hali unasema amani, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Unaulizia watoto, mifugo, mvua. Mwenzako naye anakuulizia. Kisha anakuomba habari, na ndipo unapoitoa. Nimekua hivyo. Mama yangu aliponipigia kunijulisha kwamba baba amelazwa, tulikwenda na mvua na mbuzi mpaka nikamwuliza, "Habari?" Na mimi, wa kuzaliwa Garissa, niliketi nikaiandikia mashine kwamba mtu akisema hali ni nzuri, mazungumzo yamekwisha. Mwanaprogramu wa Nairobi ningemsamehe. Hakuwa na sababu ya kujua.

"Eedo, uko?" mama aliuliza.

"Niko. Uliandika vizuri. Kosa liko huku."

"Kosa ni la nani?"

"Acha kwanza nipate fundi."

Nilimpigia fundi wa Wajir. Alisema bila namba ya kazi hawashi gari. Mara ya mwisho alikwenda kwa neno la simu, na aliporudi akaulizwa nani alimtuma. Namba ya kazi hutolewa na zana ya kutuma fundi, na zana hiyo hukataa ripoti iliyofungwa. Nilitafuta zana ya kufungua ripoti upya kwenye daftari langu mwenyewe. Ukurasa wake ulikuwa mtupu, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "ataniambia". Nilituma ujumbe wa hitilafu kwa simu yangu. Mfumo ukanijibu kwamba namba yangu si ya kamati yoyote, na ukanitakia siku njema. Nilimpigia mwanaprogramu. Yuko mkutanoni.

Nikampigia mama tena, na hapa naandika jambo ambalo silionei fahari. Nilimwambia atume ujumbe mpya, mmoja tu, uanze moja kwa moja: kisima kimeharibika. Asisalimie.

"Nisisalimie?"

"Leo tu, eedo. Mashine haielewi."

"Mashine ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto wa mtu."

"Basi sishangai. Eedo, mimi hata nikileta habari ya maiti nitasema amani kwanza, ili mnaonisikia mjue mwenye kuongea ni mtu. Unataka nikurupuke kama fisi ameniingilia zizini? Wenzangu wamekaa hapa wananisikia. Wataniona nimeingiwa na wazimu juu ya uzembe."

"Ni kwa ajili ya maji, eedo."

"Maji ni ya leo. Mimi nitaishi nao kesho."

Hakutuma. Nilikasirika, nikamwambia kwaheri kwa ufupi usiofaa, nikaenda kuswali nimechelewa. Safu ya mwisho, juani, kichwani nabishana na mama mwenye haki.

Mwanaprogramu alipokea simu saa tisa. Niseme ukweli, alipoelewa alitenda upesi: alifungua ripoti ya Alhamisi kwa mkono wake, namba ya kazi ikatoka, na fundi akaondoka Wajir kabla ya alasiri kuisha. Lakini hakuweza kukata simu bila ushauri.

"Hii kitu ni simple. Waambie watu wenu waanze na shida. Salamu baadaye."

"Nimeshajaribu."

"Na?"

"Umewahi kumwambia mama yako asikusalimie?"

"Mama yangu hatumii mfumo wangu."

"Basi ndiyo maana unaupenda."

Alicheka, nikacheka pia, ingawa hasira haikunitoka. Tulikubaliana kwamba kitakachobadilika ni maelezo, na kwamba yeye atarekebisha ule uhifadhi wake ili ujumbe unaofuata uifungue ripoti.

Jumamosi nilikuja ofisini peke yangu. Nilifuta yale maneno kumi na mawili, nikaandika kwamba salamu zisichukuliwe kuwa habari na kwamba wakala asifunge ripoti endapo kuna dalili yoyote ya wasiwasi. Kisha nikampa wakala jumbe za zamani azisome upya kwa majaribio. Jumbe tisa za kwanza akazifanyia kazi vizuri. Ya kumi ilitoka Sangailu: katibu wa kule aliandika kushukuru, mvua imenyesha, kisima kizima, maziwa yamejaa, "lakini ya kesho anajua Mungu". Wakala akaona wasiwasi. Akamtuma fundi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Chini, mwenye lile duka la mchele alikuwa anabishana na mtu juu ya gunia lililotoboka, na nikawaonea wivu, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaona gunia.

Ugumu wenyewe ni huu, na sijui namna ya kuusema kwa upole zaidi: yanayopaswa kuandikwa ni yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaandika, maana kila mtoto anayajua. Kumwandikia mtu unaruka hayo. Ukimwandikia wakala huwezi kuruka. Nilirudi ndani nikaacha kuandika kama mtangazaji. Nikaandika: "Zana hii hufunga ripoti, na ripoti iliyofungwa haitumiwi fundi. Itumie pale tu mtoa taarifa anapotaja kisima na kusema maji yanatoka. Kusema amani, uzima au alhamdulillahi ni salamu, si taarifa ya kisima. Ujumbe wenye salamu peke yake maana yake habari bado inakuja: usifunge. Jibu salamu, kisha uliza: Habari ya kisima ni ipi, maji yanatoka? Subiri jibu. Huna uhakika, usifunge." Chini yake nikaweka mifano minne, mmoja ukiwa ule wa Sangailu, na kwa kila mmoja nikaeleza kifanyike nini na kwa nini.

Wakala akazisoma jumbe zote tena. Wa Sangailu akamshukuru na kufunga. Wa Tarbaj, ule wa kwanza wa Jumatatu, akamjibu wa aleikum salaam, akamuulizia watu na mifugo, kisha akauliza habari ya kisima. Nilikaa nikiitazama sentensi ile. Ilikuwa imechelewa siku tano.

Mkurugenzi aliyaona maelezo mapya Jumatatu asubuhi. "Yamekuwa aya nzima," alisema. "Tulikubaliana fupi."

"Mafupi yalikuwepo, mzee. Yamemkausha mama mmoja huko Tarbaj."

Alisoma tena, akiguna. "Lakini hii ya salamu kila mtu anaijua."

Nilimwachia karatasi mkononi.

Fundi alikuwa amefika Jumapili, si Jumamosi. Gari lilimharibikia njiani. Alibadilisha kipuri kwenye pampu na maji yakatoka. Nilifikiri mambo yameisha, mpaka saa tano ya Jumatatu ile mama aliponipigia kwa simu ya mtu mwingine. Tulisalimiana yote, bila kuruka. Nilipoomba habari alisema kamati imeketi, simu ya kisima iko mfukoni mwa mwenye duka, na wanasema maji yamekuja kwa sababu mwenyekiti alimtukana mtu wa ofisi fulani Wajir.

"Nimewaambia kosa lilikuwa kwenu. Wanasema hayo ni maneno yangu. Nakuweka kwenye spika. Sema wewe."

Kukasikika upepo, kikohozi, mbuzi mmoja. Kisha sauti ya mzee asiye na subira.

"Wewe ndiye mashine?"

"Hapana, adeer," nilijibu, yaani ami. "Mimi ndiye niliyeiandikia maagizo."

"Wewe nani?"

Nilimtajia baba na babu. Wakanong'onezana.

"Yaani iliandikiwa na Msomali?"

"Ndiyo."

"Tulidhani ni Mzungu!" mwingine alidakia, na wakacheka kicheko kisichonipenda. "Msomali asiyejua salamu! Mrudisheni kwa ngamia wamfunze upya."

"Ngamia watamkataa," alisema mwingine.

Niliwaacha wamalize. Halafu nikafanya kile ninachokijua. Nilifungua ripoti zile tatu nikazisoma kama taarifa ya habari: siku, saa, maneno aliyoandika mama, maneno aliyojibiwa, dakika zilizopita, maneno aliyoandika tena. Nilisoma na ile "tafadhali sana". Nikamalizia kwamba maelezo yaliyomfanya wakala afunge niliyaandika mimi, kwamba sikuuliza nani anasoma ujumbe wa pili, na kwamba katibu wao hakuacha neno hata moja lililopaswa kusemwa.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliniambia nisome tena ile ya Jumatatu. Nikasoma.

"Aliandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi?" aliuliza.

"Na dakika tano."

"Saa hiyo mimi sijafika kisimani." Alikohoa. "Mrudishieni simu yake."

Mtu alinung'unika, pengine mwenye duka. Sauti zikaanza kupishana juu ya jambo jingine, zamu za kunywesha, nani atangulie. Nikasikia spika ikizimwa.

"Umesoma vizuri," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye redio ulikuwa unakimbia."

"Samahani, eedo."

"Samahani nimeichukua. Lakini mbuzi wangu wanne hawakufika kile kisima kingine. Hiyo nayo iandike."

Nilifungua ripoti yake nikatafuta mahali. Palikuwa na nafasi ya aina ya hitilafu, kipuri, jina la fundi, tarehe. Mbuzi hawakuwa na nafasi. Nikawaandika kwenye maoni, mbuzi wanne wa katibu, nikamweleza ukweli: sehemu hiyo wakala haisomi.

"Basi isome wewe," alisema, akaenda kunywesha waliobaki.